Chumvi ya chini ya gari

Mkaguzi wa magari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ndani ya shimo, mimi juu kando ya mlango wa pikapu, na kilichonifikia kwanza kilikuwa mlio wa kinyundo chake: ting, ting, ting, kisha pu. Kitu kikadondoka. Alipopanda ngazi alikuwa na kipande cha kutu kipana kama kiganja cha mtoto, chenye matabaka kama chapati, akaniwekea mkononi. "Hii ni chesi yako, mama," akasema, akaendelea na gari lililofuata.

Karatasi ilikuwa na makosa matatu. Breki ya nyuma kushoto ni dhaifu kuliko ya kulia. Hendibreki haishiki vya kutosha. Chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, imeliwa na kutu karibu na kishikio cha springi ya nyuma. Mawili ya kwanza yalitoka kwenye mashine ya rola: unapandisha magurudumu ya nyuma juu ya rola, zinazunguka, unakanyaga breki, na mashine inasoma kila gurudumu limekaza kwa nguvu kiasi gani. Niliona tarakimu za kulia zikipanda na za kushoto zikisita huko chini, nikajua kabla sijaambiwa. Kosa la tatu nilikuwa nimelishika mkononi.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya 1997, ya dizeli, kichwa kifupi, ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika, akaitia kwenye kazi ya samaki, na mimi nimerithi vyote viwili, gari na kazi. Wakati wa kaskazi natoka Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, alfajiri mara tatu au nne kwa wiki, nateremka mpaka Gazi, Msambweni au Shimoni, napakia samaki wa changu, tafi, pono, na nguru bahati ikiwepo, kisha narudi kuvuka feri kabla jua halijawa kali. Nyuma nimefunga friji mbili za kulala ambazo kompresa zake zilikufa zamani. Hizo ndizo makasha yangu ya barafu. Gari la biashara hapa Kenya hukaguliwa kila mwaka, na hili langu ni la biashara, halina pa kujificha.

Nje ya lango kijana mmoja alinifuata mpaka dirishani. "Dada, karatasi hiyo haina neno. Tuongee tu kidogo." Nilimshukuru nikafunga kioo.

Sina haja ya kujisifu kwa hilo, maana nilikuwa na sababu yangu. Mimi huvuka Likoni. Anayevuka Likoni anaujua ule mteremko wa kuingilia feri: matatu ya abiria mbele yako, lori nyuma yako, na watu wanapita kando kwa miguu, wenye watoto mgongoni, wenye mikokoteni, wenye ndoo. Ukiwa kwenye mteremko ule na gari lina mzigo, breki ndiyo dini yako. Na sisi wa upande huu hatujaisahau Jumapili ya 29 Septemba 2019, gari dogo liliporudi nyuma kutoka feri ya MV Harambee katikati ya maji likazama na mama na bintiye, tukakaa karibu wiki mbili tukiyatazama maji hadi walipotolewa. Sisemi kilichosababisha kilikuwa breki. Nasema kwamba tangu siku ile, kila nikisimama juu ya feri navuta hendibreki, naingiza gia, na mguu hauondoki kwenye pedeli. Sasa karatasi ilikuwa inaniambia hendibreki niliyoitegemea miaka yote hiyo ilikuwa haishiki.

Nikalipeleka gari kwa Ami. Si ami wa damu. Ni rafiki ya baba, fundi wake wa siku zote, ana gereji ya jua kali chini ya mkungu upande wa Mtongwe, na spana zake anazijua kwa kuzipapasa. Alipiga magoti, akachungulia kwa tochi, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Mwanangu, gari hii yataka kufunguliwa yote. Si breki peke yake."

Ilikuwa Julai, kusi imekaza, wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba. Kama kuna mwezi wa kulaza gari gerejini ni huo. Nikamwambia fungua.

Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto. Ami hakubali mtu aingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Alitia stendi mbili za chuma chini ya ekseli, akalisukasuka gari kwa bega lake, ndipo akakaa chini. Drumu, lile duara la chuma linalofunika breki, lilikataa kutoka. Nilidhani atalipiga nyundo, lakini alichukua bolti mbili ndogo akazitia kwenye matundu mawili yenye tredi yaliyo usoni mwa drumu, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pale, mpaka drumu likajisukuma lenyewe nje kwa mlio kama wa mlango wa zamani. Matundu hayo nimeyaona miaka yote nikibadilisha tairi, na sikuwahi kujiuliza yamewekwa kwa kazi gani.

Ndani kulikuwa kumelowa. Viatu vya breki, vile vyuma vilivyopinda vyenye lainingi ya kushika drumu, vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na vumbi limegeuka tope. Kabla ya kugusa chochote Ami alinyunyizia maji. Hapulizi vumbi la breki kwa kompresa, kwa sababu lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Kisha akainua kwa ncha ya bisbisi ule mpira mdogo wa silinda ya gurudumu, inayosukuma viatu. Mafuta ya breki yakamwagika kwenye kidole chake, rangi ya chai ya strungi.

Hapo alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari hapa pwani alijue. Mafuta ya breki hunywa maji. Hata kopo likiwa limefungwa, gari likiwa limesimama, unyevu wa hewa hupenya kidogokidogo kupitia mipira na kifuniko, na mafuta yanaupokea. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3 na ushei, kiwango hicho hushuka mpaka 140 hivi. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedeli inazama, gari linaendelea. Lakini hata usipofika huko, maji yanakaa ndani ya silinda na kuila kimyakimya. Ukuta wa ndani unapata vidonda, mpira unapopita juu yake kwenda na kurudi unachanika, mafuta yanavuja juu ya lainingi, na lainingi yenye mafuta haishiki. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Mimi nilikuwa nikiyaongeza tu yakipungua. Sikuwa nimejiuliza yanapungukia wapi.

Fundi mwingine angeviosha viatu vile kwa petroli akavirudisha. Ami alivitupa. Lainingi ikishanyonya mafuta, ukiipasha moto inayatoa tena. Upande wa kulia hakukuwa na uvujaji, ila pistoni moja ya silinda ilikuwa imeganda kwa kutu, kiatu kimoja kikifanya kazi ya viwili. Waya za hendibreki nazo zilikuwa zimekauka ndani ya ala zake, ukivuta hazirudi.

Halafu akanionyesha kile kilichonikosesha usingizi usiku ule. Kati ya ekseli ya nyuma na chesi kuna kijiti cha chuma kilichounganishwa na vali ndogo. Pikapu ikipakiwa, nyuma inashuka, kijiti kinaisukuma vali, na breki za nyuma zinapata shinikizo zaidi kwa sababu sasa zina uzito wa kuzuia. Pikapu ikiwa tupu, vali inapunguza shinikizo, magurudumu ya nyuma yasije yakaganda na mkia ukapiga upande. Kijiti changu kilikuwa hakisogei. Kilikuwa kimeshikwa na kutu pale pale pa gari tupu. Kwa hiyo kila nilipotoka Shimoni na friji mbili zimejaa barafu na samaki, breki zangu za nyuma zilifanya kazi kana kwamba sijabeba kitu. Nilikumbuka asubuhi kadhaa pale Likoni nilipolazimika kukanyaga zaidi ya kawaida, nikasema moyoni ni mzigo. Ulikuwa mzigo kweli, na vali haikuwa na habari nao.

Paipu za breki zilikuwa mbaya zaidi. Ziko juu ya mbavu ya chesi, mahali ambapo huoni ila ulale chali. Zilikuwa zimevimba na kukwaruzika kama ganda la fenesi. Ami alichukua kisu cha mezani, akaikwangua moja polepole sana, mara tatu, na tone likatokea kwenye chuma kama jasho. Hatukuwa tumekanyaga breki. Lilikuwa tone la mafuta yaliyokaa tu.

"Hii ilikuwa ikikungoja," akasema.

Ukikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu nyembamba ile linaweza kupita 1,000 kwa kipimo cha shinikizo cha psi. Tairi la gari dogo lina psi 35 hivi. Nayataja haya kwa sababu jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri tukate kipande kibovu tu tuunge kwa mpira wa dizeli na vibano viwili. Tafadhali usifanye hivyo kwenye gari lako, wala kwenye gari la mtu unayemchukia.

Siku ya tatu alikuja fundi wa kuchomelea kuangalia chesi. Alipiga nyundo pande zote akaweka alama kwa chaki kila sauti ilipokuwa nzito, kisha akakata kwa grainda. Chesi ya pikapu ni sanduku refu la chuma, lina uwazi ndani. Alipong'oa kipande cha kwanza, tope lilianguka, jeusi, limelowa, ingawa gari lilikuwa halijaoshwa kwa siku nne. Nililichukua kwenye kiganja. Ndani yake kulikuwa na magamba ya samaki. Madogo, ya fedha, bado yanang'aa, yamepangana kama mtu aliyeyahifadhi. Sikujua ni ya mwaka gani. Mengine huenda yalikuwa ya enzi za baba.

Barafu ikiyeyuka kwenye friji zile, maji yake hayabaki maji ya barafu. Yanachukua chumvi ya samaki, ute, damu, yanatoka kwenye tundu la chini, yanatiririka sakafuni mwa pikapu na kushuka pale pale: juu ya mbavu ya kushoto, juu ya paipu, juu ya kijiti cha vali, kuelekea gurudumu la kushoto. Makosa yote matatu ya karatasi yalikuwa kwenye mfereji mmoja.

Lakini hilo halikumtosha Ami. Alikaa akiangalia tope lile, akaniuliza: "Kwani siku hizi huioshi chini?"

Nikamwambia naiosha. Na ni kweli. Kila nikirudi safari nalala chini na mpira wa maji nailenga chesi yote, kama baba alivyokuwa akifanya. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimelishika agizo.

"Kwa maji gani?"

Kwa maji ya kisima. Tulichimba kisima uwani 2020, mwaka mmoja baada ya baba kufariki, na tangu hapo hatujalilia maji. Kabla ya kisima tulikuwa watu wa kungoja mfereji, na wote wanaoishi Mombasa wanajua kungoja mfereji kulivyo: maji ya mji huu yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, Tiwi, na yanakuja yanapotaka. Kisima kilikuwa neema. Nikimaliza samaki nafungua pampu nasafisha gari mpaka roho yangu inatulia.

Ami hakusema kitu. Alimtuma kijana wake nyumbani kwangu na chupa. Iliporudi alinipa. "Onja."

Mtu hasikii ladha ya maji anayoyatumia kila siku kwa kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa tunanunua. Niliweka ulimini, na pale chini ya mkungu, nikiwa na tope la samaki mkononi, nikaisikia chumvi. Haikuwa kali kama ya bahari, ila ilikuwepo waziwazi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya tumbawe, yamejaa matundu, na bahari inaingia kwa chini. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi; watoto wanajua hivyo. Mimi pia nilijua. Sikuwa nimeunganisha.

Na hapo ndipo lilipobisha kumbukumbuni pipa la baba. Alikuwa na pipa la bluu chini ya mfereji wa paa, la kukinga maji ya mvua, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mama akikosa maji ya kufulia alikuwa akisema, kuna pipa zima pale, na baba anajibu, lile la gari. Tulidhani ni ukaidi wa mzee na gari lake. Alipofariki tulilitoa pipa, tukaweka tangi la kisima mahali pake.

Kutu haihitaji bahari. Inahitaji chuma, maji na hewa. Chumvi inachofanya ni kuyageuza maji kuwa njia nzuri ya umeme. Chuma kinaposhika kutu kunapita chaji ndogo za umeme kutoka sehemu moja hadi nyingine, na maji ya chumvi huzipitisha kwa wepesi kuliko maji matamu. Tena chumvi ikikauka haiondoki. Inabaki juu ya chuma kama vumbi, na usiku unyevu wa pwani ukipanda inauvuta, chuma kinalowa tena bila mvua. Kila siku niliyoliosha gari kwa mapenzi nilikuwa nikiliongezea kitu hicho, na kila usiku kikaendelea na kazi nikiwa nimelala.

Kulikuwa na kosa langu jingine, nalo ni zito zaidi kwa kuwa hili nililifanya nikijua. Miaka miwili nyuma nililipa shilingi 3,000 gari lipuliziwe lami nyeusi chini lote kabla ya ukaguzi. Halikukwanguliwa, halikuoshwa. Lilitoka linapendeza. Lami juu ya kutu ni kama bandeji juu ya kidonda chenye usaha: maji yanaingia ukingoni, hayana pa kutokea, na jicho lako halioni tena. Fundi wa kuchomelea alipoimenya ile lami ilitoka kwa vipande vikubwa, na upande wake wa ndani ulikuwa mwekundu wote. Kuna wanaopuliza oili chafu badala yake. Naona ni vibaya zaidi. Inaozesha mipira, inadondokea breki, na mvua ikija inakwenda baharini tunakovua.

Kazi ya chesi ilichukua siku mbili. Betri ilichomolewa, tangi la dizeli likateremshwa, paipu mbovu zilikuwa zimeshatolewa. Fundi alikata mpaka akakuta chuma kinachong'aa pande zote, kwa sababu ukichomelea juu ya chuma chembamba unachomelea hewa. Kiraka alikikata ncha zake zikiwa za mshazari, umbo la almasi. Nilimuuliza kwa nini asikate mraba, ni rahisi. Akanijibu kwamba mstari wa kulehemu ukisimama wima kukatisha mbavu ya chesi, mtikisiko wote wa barabara unakusanyika kwenye mstari huo na siku moja chesi inapasuka hapo hapo. Ukiulaza mshazari, nguvu inagawanyika. Kisha brashi ya waya, msasa, dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi iliyogeuza wekundu ukawa mweusi, rangi ya redi oksaidi ya kuzuia kutu mara mbili, na ndani ya sanduku la chesi nta ya kupulizia kwa mpira mrefu. Matundu ya kutolea maji yaliyokuwa yamezibwa na tope na lami yakazibuliwa yote. Nilisimamia hilo mwenyewe kwa msumari.

Spea nilizitafuta kwa siku moja na nusu upande wa kisiwani. Sitataja maduka. Kuna pakiti zilizofanana na za kiwandani mpaka maandishi, lakini Ami alikuwa amenifundisha niuvute mpira wa silinda mpya na kuukunja. Wa pakiti moja uliacha alama nyeupe kwenye mkunjo. Hiyo niliirudisha. Muuzaji hakufurahi. Diski za mbele tulipima kwa kalipa ya fundi, tukakuta zimepungua chini ya kiwango kilichochongwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo hatukuzichonga kwa mashine, tukanunua mpya pamoja na padi. Za zamani zilikuwa zimelika kabari, nene huku, nyembamba kule, kwa kuwa pini zinazotelezesha kalipa ya breki zilikuwa kavu. Paipu mpya tulichukua za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazishiki kutu, na ni laini kupinda. Shaba tupu ni rahisi kupata lakini kwa mtikisiko huwa ngumu na kupasuka. Jumla ya yote, na ufundi, ilikuwa shilingi 61,000. Ni pesa nyingi kwa mtu anayeuza tafi. Niliuza cherehani.

Kutoa hewa kwenye breki ndiyo sehemu niliyoifanya kwa mwili wangu. Nilikaa kwenye kiti, Ami chini na chupa yenye mafuta safi kidogo na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. "Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shika." Nashika. Anafungua skrubu, pedeli inazama chini ya mguu wangu taratibu kama kukanyaga mchanga wenye maji, anafunga. "Wacha." Mara ya kwanza mapovu yalitoka kama soda. Mara ya kumi moja moja. Kopo juu likipungua kijana anajaza, kwa sababu likikauka hewa inaingia na mnaanza upya. Tulizunguka magurudumu yote na ile vali ya nyuma, ambayo nayo ina skrubu yake. Jua lilikuwa linatua nilipokanyaga na pedeli ikasimama juu, ngumu, bila kuzama hata nikiegemea kwa uzito wangu wote. Nilikaa nimeikanyaga muda. Ami alikuja dirishani akadhani kuna tatizo.

Nilirudi kituoni Agosti. Tarakimu za kushoto na kulia zilipanda pamoja kama ndugu wawili wakipanda ngazi. Nilivuta hendibreki rola zikaganda. Kisha mkaguzi yule yule akateremka shimoni na kinyundo chake, nami nikasimama mahali pale pale nikihesabu. Ting mara kumi na moja. Alipopanda aliuliza nani aliyechomelea, nikamwambia, akaandika namba ya simu ya fundi nyuma ya daftari lake.

Friji sasa zina mpira wa kutolea maji unaopita nyuma ya bampa na kumwaga barabarani, mbali na chesi. Pipa la bluu sikulipata tena, lakini nimenunua jingine, limerudi chini ya mfereji wa paa, na pembeni yake kuna madumu mawili ya lita 20 ya maji ya mfereji kwa siku za kiangazi. Lita 40 zinatosha chini ya gari ukizitumia kwa akili: kwanza kishikio cha springi, halafu juu ya mbavu, halafu paipu, mwisho ndani ya matundu mpaka maji yatoke upande wa pili. Binti yangu aliniomba dumu moja juzi kwa nguo za shule. Nilijikuta nikimjibu maneno ya baba neno kwa neno, kisha nikampa, nikaenda kununua jingine kwa mwenye mkokoteni.

Jana usiku, nimelala chali na tochi mdomoni, niliona doa jekundu kwenye nati ya yubolti, ile bolti yenye umbo la U, ya springi ya kulia. Dogo kama punje ya mtama. Brashi ya waya iko chini ya kiti, na kopo la redi oksaidi lina robo. Kesho feri yangu ya kawaida itaondoka bila mimi.